Tupeane uzoefu: mara ya kwanza kuingia zile supamaketi za bei chee za Ulaya ulikuta nini, ukanunua nini?

Mama Wawili wa Mwanga
Mwakeye wakuu. Mdogo wangu wa kike kapata nafasi ya kujitolea Ujerumani mwaka mmoja, atakuwa kwenye kituo cha wazee, tiketi ipo tayari anaondoka mwezi ujao. Hela ya mfukoni watakayompa si ya kuchezea na atajipikia mwenyewe. Mwenzie aliyemtangulia kamwambia wewe maduka mengine pita tu, nenda Aldi au Lidl, ila ukiingia hujui utaratibu wao utaaibika. Sasa binti huyu supamaketi anazozijua ni hizi zetu za hapa Kigoma mjini, rafu nne kaunta moja na mwenye duka anakujua mpaka jina la bibi yako. Dar kapita tu kufuata viza. Mliofika huko semeni ile siku ya kwanza ilikuwaje, ya gugo nimeshasoma nataka uliyoyaona kwa macho yako, na anunue nini aache nini. Kama uliaibika sema tu humu hatujuani.

Kijana wa Gungu
Dada umenikumbusha mbali. Mimi nilienda kusoma, siku ya pili tu njaa ikanipeleka duka moja la aina hiyo. Nje nakuta matroli yamefungwa kwa minyororo, moja limeshikana na lingine. Nikajisemea kumbe na huku wezi wapo! Nikavuta, haliji, nikavuta la pembeni, haliji, kuna bibi mmoja kasimama na kijimbwa chake ananitazama tu hasemi kitu. Nikaacha nikaingia mikono mitupu nikabeba vitu kifuani kama mtu anayekimbia mvua na nguo za kamba nzima. Kumbe pale kwenye kishikio kuna kitundu unachomeka sarafu, euro 1 inaingia, senti 50 na euro 2 nazo mara nyingi zinaingia, mnyororo unaachia. Ukirudisha troli ukalifunga na wenzie sarafu yako inatoka, hawakukati kitu, ni ujanja wa kukufanya ulirudishe mwenyewe wasilipe mtu wa kukusanya. Mwambie atenge sarafu moja ikae mfukoni na asiinunulie hata pipi.

Ndani sasa asitegemee urembo. Ni kama stoo ya duka la jumla pale sokoni, maboksi yamekatwa upande wa mbele na mzigo unauchukua humo humo ndani ya boksi, hakuna mtu wa kupanga kopo moja moja. Na aina za vitu ni chache, ukitaka sukari ipo sukari, sio sukari za makampuni manane. Majina ya kwenye pakiti hatayajua hata moja maana vingi ni chapa za duka lenyewe, asidhani ni feki, bei iko chini hapo hapo.

Kwa keshia ndo nilipoumbuka. Sisi tumezoea kuna kijana anakufungia mfuko huku unaulizia hali ya nyumbani. Kule keshia kakaa kwenye kiti na anapitisha vitu kama anakimbizwa, zile alama za mistari zimechapwa pande nyingi za pakiti ili asigeuzegeuze, wewe hujaokota maziwa yeye kashamaliza anataka hela. Mimi nikaanza kupanga kistaarabu, maziwa chini mayai juu, nyuma foleni imefika kwenye mafriji na wote kimya. Wakuu kimya cha Wajerumani kibaya kuliko matusi ya stendi. Baadaye ndo nikajua kwamba unasukumia vyote kwenye troli hovyo hovyo, unalipa, unasogea pembeni kuna meza ya ukutani pale unapanga mpaka uchoke. Na mfuko aende nao. Hili kwetu si geni, tangu 2019 walipopiga marufuku mifuko ya nailoni tumezoea kutembea na mfuko wetu.

Mnyamwezi wa Isevya
Hahaha kama mtu anayekimbia mvua na nguo za kamba nzima 😂 Watu wa mwisho wa reli mnajua kutuangusha. Sasa Aldi maana yake nini au ndo jina la mwenyewe?

Mstaafu Ujiji
Ni jina la ukoo limekatwa, Albrecht Diskont, hiyo diskont ndo bei ya kupunguza. Mama yao alifungua kaduka mji wa Essen 1913, baada ya vita vya pili watoto wawili Karl na Theo wakakachukua wakakatanua. Mwanzoni mwa miaka ya 60 wakapishana kuhusu kuuza sigara, mmoja anataka mwingine anasema zitatuletea wezi, basi wakagawana nchi, kaskazini wako na kusini wangu. Mpaka leo ni kampuni mbili, Nord na Süd, na nembo zao hazifanani, kwa hiyo binti asishangae akihama mji akakuta Aldi yenye sura nyingine. Lidl ni watu wengine kabisa, hao ni washindani wao. Mali za ndugu bwana, huku kwetu wangegombania mpaka mzani.

Mama Furaha
Mimi nilikuwa kambi ya wakimbizi Nyarugusu miaka mingi, watoto wangu watatu wamezaliwa pale, sasa tuko Marekani. Huku nako ziko Aldi, sarafu ya troli ni ile ya senti 25. Nasimulia la kwangu mcheke. Nimefika kwa keshia na troli langu limejaa, tumepanga vitu kwenye ule mkanda unaotembea wa kaunta, yule dada akawa anapitisha halafu anavitupia kwenye troli lingine lililokuwa pale pembeni yake!! Nikasema haya tena, chakula cha wanangu kinaenda kwa mwenye troli lile. Nikamshika mkono. Kingereza sina, naonyesha tu troli langu, yangu, yangu, watu wakaanza kutazamana. Kumbe ndo utaratibu wao huku, anajaza troli la pembeni unaondoka nalo, na la kwako tupu linabaki hapo kumpokelea anayekufuata. Sarafu yako imebaki kwenye la kwanza na ya mwenzio unayo wewe, hesabu sawa. Basi yule dada alipoelewa akacheka mpaka machozi na mimi nikacheka kwa aibu.

Kitu kingine, ukiwa unaenda kurudisha troli mtu anakuja anakupa senti 25 anachukua troli, au mwingine anakuachia lake bure anaondoka. Mara ya kwanza nilidhani wameniona maskini wananipa sadaka, nikanuna nyumbani siku nzima.

Kijana wa Gungu
Ujerumani hiyo ya kubadilishana troli sijaiona, kule unaondoka na lako. Ila mama umenivunja mbavu.

Bi Mkubwa wa Kigoma Mjini
Kama binti ni Mwislamu ajifunze maneno manne kabla ya mengine yote, Schwein, Speck, Schinken na Gelatine. Hayo matatu ya mwanzo ni nguruwe na mambo yake, hilo la nne ni gelatini ambayo huko mara nyingi inatokana na nguruwe na inakaa kwenye pipi laini na hata baadhi ya yogati, mimi nilikula pipi wiki nzima nikijua ni matunda. Soseji zote nilizipita mbali nikawa naenda bucha la Waturuki, wapo karibu kila mji na bei si mbaya.

Dogo Kibondo
Wakuu na chupa msisahau kumwambia!! Mimi nimetupa chupa miezi miwili nikijiona msafi. Wanaiita Pfand, ni kama sisi na chupa ya soda dukani, huna chupa unaacha hela ya chupa. Kule chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji ina senti 25 juu yake na unailipa bila kujua maana kwenye rafu imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya bei. Ukimaliza kunywa unarudisha dukani kuna mashine ukutani inaimeza, inakupa kikaratasi, unampa keshia anakukatia kwenye bei au anakupa hela. Asiikunje chupa wala kubandua lebo maana mashine inasoma lebo, ikikataa kakosa. Za kioo za bia ni senti 8 tu na si kila mashine inazimeza. Chupa nne ni euro nzima wakuu, mimi nilitupa nyingi sijui ngapi, nikikumbuka silali.

Mama Wawili wa Mwanga
Chupa ya plastiki senti 25, mbona hapa kwangu watoto wangekuwa matajiri. Sasa kununua jamani, kununua, tumekaa kwenye troli mpaka saa hizi.

Fundi Baridi
Mimi nilikaa kule miaka minne, narudi kwenye tumbo. Achukue hivi: mchele upo, sio wa kwetu wenye harufu lakini unapikika, maharage mekundu ya kopo ambayo yameshachemshwa unayaunga tu, nyanya za kopo hizi anunue nyingi maana bei yake ni ya kuchekesha na baridi ikiingia nyanya mbichi ghali na haina ladha, mayai ya trei ya kumi kumi, maziwa ya boksi yale ya kukaa muda mrefu, vitunguu, viazi, kabichi, karoti, mapaja ya kuku ya kugandishwa, mafuta ya alizeti, unga wa ngano wa chapati namba yake 405, ndizi mbivu zipo mwaka mzima lakini ndizi za kupika asahau. Mchicha upo wa kugandishwa kwenye boksi, unaitwa Spinat, ukiukaanga na kitunguu ukafumba macho unafika nyumbani.

Sembe hakuna. Kuna kitu kinaitwa Polenta, ni mahindi yaliyosagwa kama chenga, ukisonga unapata ugali wa njano wenye mchanga mchanga, wa kukata kiu tu. Sembe yenyewe, mawese, bamia, mihogo aende Afroshop, wapo mijini, ila bei utalia, kwa hiyo ni mara moja kwa mwezi.

Kwenye bei asisome yale maandishi makubwa, asome yale madogo pembeni yanayoonyesha kilo moja au lita moja ni shilingi ngapi, eh euro ngapi. Pakiti kubwa si lazima iwe nafuu. Ni ile ile kama sokoni kwetu, fungu linaweza kuwa kubwa machoni kumbe chini kumewekwa nyanya mbovu.

Na kabla hajapanda ndege afunge dagaa. Samaki wakavu kwa matumizi yake mwenyewe wanaruhusu mpaka kilo 20 kuingia Ulaya, asali mpaka kilo 2, ila nyama na vitu vya maziwa hapana, hata kipande cha nyama kavu kitaishia uwanjani. Dagaa afunge mara tatu, kwa huruma ya walioko kwenye ndege.

Mnyamwezi wa Isevya
Asali kilo 2 aje achukue Tabora, hapo hatuna mpinzani. Treni si inapita huku, ashuke aninunulie na mimi.

Mtu wa Kasulu
Mimi onyo langu ni moja. Katikati ya duka kuna mapipa na meza zina vitu visivyo chakula, wiki hii ndoo na pasi, wiki ijayo kofia ya kuchomelea, hema, mashine ya kutoboa ukuta, viatu, vinabadilishwa mara kwa mara hasa Jumatatu na Alhamisi na vikiisha vimeisha. Nilienda kununua maziwa na mkate. Nikatoka na suruali ya kuteleza kwenye theluji. Mimi! Mtu wa Kasulu! Sijawahi kuteleza popote zaidi ya matope ya masika, na maziwa niliyasahau. Suruali ninayo mpaka leo, navaa nikiendesha pikipiki asubuhi Kasulu kukiwa na baridi, kwa hiyo siwezi kusema ni hasara kabisa.

Dogo Kibondo
Na Jumapili maduka yanafungwa Ujerumani nchi nzima, na sikukuu pia. Nilifika Jumamosi usiku nikasema nitanunua kesho. Jumapili yote nimekula karanga za ndege na maji ya bomba.

Mwalimu Cheyo
Mimi sijafika Ulaya, Dar ndo ulaya yangu. Siku ya kwanza supamaketi kubwa niliona soda ya baridi nikafungua nikanywa huku nazunguka, nikifikiri nitalipa chupa mwishoni kama kwa mangi. Mlinzi akanifuata hatua kwa hatua mpaka kaunta. Na nikamuomba keshia nyongeza ya vitunguu! Akaniuliza nyongeza ndo nini. Kwa hiyo mwambie binti huko mambo ya niongezee kidogo mama yangu hakuna, inaniuma sana mpaka leo maana vilikuwa vinne tu.

Bi Mkubwa wa Kigoma Mjini
Na kale kapau kwenye mkanda jamani! Ukimaliza kupanga vitu vyako unaweka kapau katenganishe na vya anayekufuata. Mimi sikuweka, nikalipia chakula cha paka.

Mama Wawili wa Mwanga
Nimecheka mpaka mume wangu kauliza kuna nini. Asanteni sana, nimempa simu asome mwenyewe, kaandika kwenye daftari kabisa. Sasa ana swali moja na mimi sina jibu, hiyo sarafu ya euro 1 ya kuanzia aipate wapi, maana kubadilisha hela wanatoa noti tu na atafika jioni hana chakula.

Nahodha Kibirizi
Ninayo. Mzungu mmoja nilimpeleka Gombe kwa boti akanipa kama bakshishi, mwaka wa tatu huu kila nikiipeleka kubadilisha wananicheka. Iko kwenye kopo la misumari. Niko hapa mwaloni mpaka saa kumi na moja, aje na soda mbili tu, na chupa tutarudisha.

Mama Wawili wa Mwanga
Yuko kwenye bodaboda anakuja, kavaa kitenge cha kijani. Nahodha usiondoke.