Nimehitimu uhandisi wa migodi: niajiriwe machimboni au nikatafute dhahabu?

Kijana wa Tororo:
Ndugu zangu, hamjambo. Nimemaliza uhandisi wa migodi katika Chuo Kikuu cha Busitema, hapa Uganda. Machimbo ya chokaa ya hapa kwetu yananipa kazi ya msaidizi wa ulipuaji. Mjomba naye ameuza ng'ombe ili tukatafute dhahabu Tiira, wilayani Busia, kwa kuwa anaamini msomi hawezi kuukosa mshipa wa dhahabu. Sitaki kumvunja moyo, wala sitaki mifugo yake iishie shimoni. Nishaurini.

Mzee wa Kasese:
Mwanangu, shaba ya Kilembe ilijulikana tangu 1906, lakini mgodi ulianza kuzalisha mwaka 1956, reli ilipofika Kasese. Katikati hapo ndipo ilipo kazi ya mtafuta madini: kuchora ramani, kuchoronga (kutoboa mwamba ili kutoa sampuli), kupima, kisha kungoja bei na barabara. Mjomba wako ataweza kungoja? Shika chokaa. Huko utajifunza kupanga matundu ya baruti na kuusoma mwamba baada ya mlipuko.

Mchorongaji:
Naafikiana na mzee kuhusu muda, ila chokaa haifundishi dhahabu. Chokaa ni mlima unaouona kwa macho. Dhahabu ya Tiira imo katika mishipa ya kwatzi (jiwe gumu, mara nyingi jeupe, linalopita ndani ya mwamba), na sampuli moja iliyobahatika kuwa na punje nene inaweza kukudanganya juu ya kilima kizima. Ajiriwa, lakini likizoni kusanya sampuli, kila mfuko uwe na namba na mahali ulipotoka, baadhi uzipeleke maabara mara mbili kwa namba tofauti ili uikague maabara yenyewe. Kabla ya hapo, nenda Entebbe ukasome ramani na ripoti za zamani za jiolojia. (Binafsi simsikilizi mtu anayetangaza dhahabu bila majibu ya maabara.)

Mama Leseni:
Mjomba aelezwe kwamba, kwa mujibu wa Katiba, madini ni mali ya Serikali hata yakiwa chini ya shamba lake. Wachimbaji wa dhahabu waliotimuliwa Mubende mwaka 2017, wakiambiwa hawana leseni, walikuwa wengi, na baadhi yao walikwisha kutia fedha nyingi. Zebaki nayo, ile ya kunasia dhahabu, usiiguse, kwani mvuke wake hudhuru mishipa ya fahamu.

Kijana wa Tororo:
Nawashukuru. Nitaanza kazi ya chokaa. Fedha za ng'ombe je, tuziandikie nini?

Mama Leseni:
Andikeni kiasi kitakachotumika kwa sampuli na leseni, na kwamba kikipotea si deni lako. Zinazobaki, mwambie anunue ndama.