Kompyuta ya nyumbani ina Debian 12. Nihamie 13 au niiache?

mama_rehema (Tanga)

Habari za jioni wanajamvi. Naombeni ushauri kabla sijagusa kitu.

Nina kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 780, prosesa Core 2 Duo, RAM GB 4, diski GB 250. Niliinunua ya mtumba ikiwa tupu, kijana wa mtaani kwetu akaniwekea mfumo wa Linux uitwao Debian 12, wenye mazingira mepesi ya Xfce. Imenifaa sana, na ninaipenda.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba. Hisa, mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii, vyote vimo humo kwenye LibreOffice Calc, na kila mwisho wa mwezi nachapa taarifa ya kila mwanachama aende nayo nyumbani. Humo humo kuna picha za familia, na mwanangu wa kidato cha tatu ameweka mitihani ya nyuma ya NECTA anayojisomea usiku.

Nimesoma kwamba Debian 13, Trixie, ilitoka tarehe 9 Agosti 2025. Maelezo ninayoyakuta yanasema uingie kwenye faili la vyanzo vya programu, /etc/apt/sources.list, palipoandikwa bookworm (jina la 12) uandike trixie, halafu apt update na apt full-upgrade, umemaliza. Ila hayo maelezo yanaonekana kuandikwa na watu ambao umeme haukatiki kwao na intaneti haipimwi. Mimi natumia bando la simu. UPS yangu inanipa muda wa kuhifadhi faili na kuzima, basi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, au GB zikaisha, nitabaki na nini? Na printa yangu, HP LaserJet P1102, itanikubali baada ya hapo?

Kijana aliyeniwekea amehamia Dodoma na namba yake haipatikani tena.

bakari_tty1 (Mombasa)

Salaam aleikum mama Rehema. Umefanya vyema kuuliza kwanza. Fungua terminali, andika hizi moja moja, kisha utuwekee majibu hapa:

dpkg --print-architecture
lscpu | grep op-mode
df -h / /home

Jibu la amri ya kwanza ndilo ninalolitaka zaidi. Kuna kompyuta ambazo Debian 13 haizichukui tena, na ile njia ya kubadilisha neno bookworm kuwa trixie haitakwambia kama yako ni mojawapo.

mama_rehema

Waaleikum salaam kaka Bakari. Ya kwanza imejibu i386. Ya pili imesema CPU op-mode(s): 32-bit, 64-bit. Ya tatu imetoa mistari miwili inayofanana, /dev/sda1, 228G, iliyotumika 61G.

bakari_tty1

Basi mama, usibadilishe neno hilo.

Mfumo uliowekewa ni wa biti 32, ndiyo hiyo i386. Debian 13 haina tena kerneli (kiini cha mfumo) ya i386 wala programu ya kuisakinisha. Vifurushi vya programu vya i386 vimebakizwa kwa ajili ya kuendeshea programu za zamani ndani ya mashine ya biti 64, na maelezo rasmi ya toleo yanawaambia wazi wenye mifumo ya i386 wasipandishe. Ungefuata yale maelezo uliyoyasoma, programu zako zingekuwa za 13 huku kerneli imebaki ya 12, bila ya kerneli mpya itakayokuja kuchukua nafasi yake. Na kompyuta ingewaka tu, kwa hiyo usingejua.

Mstari wa pili ndio unaonifurahisha. Prosesa yako ni ya biti 64 tangu ilipotoka kiwandani. Watu wengi waliweka mfumo wa biti 32 kwenye mashine za aina hii kwa sababu hula RAM kidogo, na kijana wako alikuwa na haki ya kuuchagua. Ila sasa mlango unafungwa kila upande: Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Mozilla nao wametangaza kuwa Firefox 144 ndiyo ya mwisho, ukiacha ile ya ESR 140 (toleo la muda mrefu) itakayoendelea kupata viraka kwa muda. Kwa RAM ya GB 4 na Xfce, mfumo wa biti 64 utakutosha.

Kwa hivyo safari yako ni kusakinisha upya toleo la amd64. Usiogope neno hilo amd64, linatumika hata kwa prosesa za Intel kama yako. Na kwa hali ya umeme na bando uliyoieleza, kusakinisha upya ni salama zaidi kuliko kupandisha, kwa sababu kila kitu kinatoka kwenye flashi. Hakuna GB zitakazoisha katikati. Umeme ukikatika unaanza tena mwanzo, na nakala ya daftari lako la kikoba wakati huo iko nje ya mashine.

Nenda penye intaneti nzuri, au mtume mtu unayemwamini, apakue Debian 13 "live" ya amd64 yenye Xfce. Ni GB 3 na kitu. Apakue pia faili dogo liitwalo SHA512SUMS lililo kwenye ukurasa huo huo. Ukifika nalo nyumbani endesha sha512sum ukitaja jina la ile faili kubwa, kisha linganisha herufi na zile za kwenye SHA512SUMS. Herufi moja ikitofautiana, faili limeharibika njiani, usilitumie. Hatua hii watu wengi huiruka, na mimi nakusihi usiiruke, maana faili bovu linaweza kukukatalia wakati diski imeshafutwa.

Kuliandika kwenye flashi ya GB 8, tumia programu ya Disks, kifurushi chake kinaitwa gnome-disk-utility. Ina sehemu ya kurejesha taswira ya diski. Chagua flashi kwa kuangalia ukubwa wake, GB 8 na GB 250 hazifanani.

Halafu iwashe kompyuta kwa flashi hiyo: kwenye Dell unagonga F12 mara inapowaka. Debian 13 itafunguka kutoka kwenye flashi na kufanya kazi ndani ya RAM bila kuigusa diski yako. Hapo ndipo pa kuijaribu printa, sauti, skrini na intaneti ya simu. Usipoipenda, unazima, unachomoa flashi, na Debian 12 yako iko pale pale.

Kuhusu nakala. Kwa kuwa /home, yanapokaa mafaili yako, iko kwenye kizigeu (sehemu ya diski) kimoja na mfumo, kusakinisha upya kutavifuta vyote. Nakili GB hizo kwenye diski ya nje, na faili za kikoba uziweke pia mahali pa pili, flashi nyingine au kompyuta ya mwanachama mwenzako. Kwenye kidirisha cha faili bonyeza Ctrl+H ili mafaili yaliyofichwa yaonekane, kwani alamisho na nywila za Firefox zimo ndani ya .mozilla. Kama diski ya nje ni FAT32, haipokei faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo video ndefu zinaweza kugoma. Ukimaliza, fungua daftari la kikoba kutoka kwenye hiyo nakala, kwenye kompyuta nyingine, uone hesabu zimo. Nakala ambayo haijafunguliwa mimi siihesabu kuwa ni nakala.

kaskazini64 (Arusha)

Mama, si lazima ufute. Debian inakubali kugeuza i386 kuwa amd64 hapo hapo ilipo. Unaongeza amd64 kwa dpkg --add-architecture, unaweka kerneli ya amd64, unawasha upya, halafu unabadilisha dpkg na apt zenyewe, yaani programu zinazosakinisha vifurushi, kisha vifurushi vingine vinafuata. Nimeifanya kwenye mashine yangu na mipangilio yote ilibaki kama ilivyokuwa.

bakari_tty1

Ndugu yangu wa Arusha, njia hiyo ipo kweli na tovuti ya wiki ya Debian inaieleza, pamoja na onyo la kuweka nakala kwanza. Kwa mtu anayeijua dpkg ndani nje ni kazi nzuri. Lakini kuna kipindi ambapo dpkg na apt zinabadilishwa zenyewe, na mashine iko nusu huku nusu kule. Umeme ukikatika hapo, kuinyanyua kunataka mtu anayejua, na mama ametwambia fundi wake yuko Dodoma. Isitoshe, vifurushi vyote vya amd64 vingepita kwenye bando lake. Kwake siishauri kabisa.

kaskazini64

Hapo kwenye bando nimekuelewa. Naondoa ushauri wangu.

katibu_msamvu (Morogoro)

Mama Rehema, shikamoo. Mimi kompyuta najua kidogo tu, ila vikoba navijua. Mnavunja kikoba lini? Kama ni Desemba kama sisi, tafadhali usifute kitu chochote kabla ya mgawo. Mwanachama akipewa hesabu ya hisa zake na akaona herufi zimebadilika au jedwali limekaa vingine, hata kama jumla ni ile ile, maneno yanaanza. Subiri mgawane, mwezi Januari daftari likiwa jipya ndiyo ubadilishe mashine.

mama_rehema

Marahaba mwanangu. Ndiyo, tunavunja Desemba, na umegusa jambo ambalo lilikuwa limenipita. Kaka Bakari, kuna hatari nikisubiri mpaka Januari?

bakari_tty1

Katibu kasema la maana kuliko yote yaliyosemwa hapa. Subiri, mama. Debian 12 inaendelea kupata marekebisho ya usalama kutoka kwa kikosi cha usalama cha Debian chenyewe hadi Juni 2026, kwa hiyo Januari huna deni lolote. Cha kufanya sasa ni sudo apt update na sudo apt upgrade, ubaki ndani ya 12 iliyokamilika. Ile flashi unaweza kuitengeneza na kuijaribu wiki hii hii, maana haigusi diski. Nakala za kikoba anza leo, hizo hazisubiri Januari.

juma_kgb (Kigamboni)

Samahani kwa kudandia uzi. Mimi laptop yangu inajibu amd64 na nina Debian 12. Bando langu la usiku ndilo lenye GB nyingi, mchana ni dogo. Je, naweza kupandisha kwa vipande?

bakari_tty1

Unaweza, na kwako wewe njia ya kupandisha ndiyo yenyewe.

Kwanza maliza masasisho yote ya 12. Kisha angalia kama una vyanzo vya watu wengine ndani ya /etc/apt/sources.list.d, uvizime, pamoja na backports (vifurushi vipya zaidi vilivyoandaliwa kwa ajili ya 12) kama unazo. Kama /boot yako, inapokaa kerneli, ni kizigeu cha peke yake, maelezo ya toleo yanataka iwe na angalau MB 768, na karibu MB 300 ziwe wazi. Walioweka 12 kwa kizigeu kidogo hukwama hapo. Badilisha bookworm kuwa trixie kila mahali, mstari wa security usiusahau, na hakikisha neno non-free-firmware limo la sivyo WiFi inaweza kunyamaza. Halafu:

sudo apt update
sudo apt full-upgrade --download-only

Amri ya pili inapakua tu, haisakinishi chochote. Kabla haijaanza itakwambia ni MB ngapi, ukubali au ukatae. Bando likiisha, kesho usiku unairudia na inaendelea pale ilipoishia, kwa sababu vifurushi vilivyokwisha kushuka vimehifadhiwa ndani ya /var/cache/apt/archives. Katika siku hizo usiendeshe apt clean, na usisakinishe programu nyingine, kwani vyanzo tayari ni vya 13 na mfumo ni wa 12.

Vikishashuka vyote, chagua saa ambayo umeme wenu huwa umetulia, chomeka chaja na betri iwe imejaa:

sudo apt upgrade --without-new-pkgs
sudo apt full-upgrade

Itakuuliza kuhusu mafaili ya mipangilio, ubakize lako au uchukue jipya. Kama hukumbuki kulihariri faili hilo, bakiza lililopo, ndilo jibu lake la kawaida. Ikizimika katikati, iwashe, kisha sudo dpkg --configure -a na sudo apt -f install, halafu full-upgrade tena.

Jambo moja la 13 ambalo wengi hawalitarajii: /tmp sasa inakaa ndani ya RAM na inaweza kuchukua hadi nusu yake. Kama una programu inayotupa mafaili makubwa humo na RAM yako ni ndogo, endesha sudo systemctl mask tmp.mount na uwashe upya, itarudi kwenye diski.

mama_rehema

Nimerudi. Dada yangu amenipakulia faili ofisini kwao, herufi za sha512sum zimelingana, na flashi imewaka vizuri. Skrini sawa, sauti sawa, intaneti ya simu kwa waya wa USB imekubali bila kuombwa. Debian 13 ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Daftari limefunguka na jumla zote ziko sawa, ila mistari ya jedwali imesogea kidogo. Printa inaonekana kwa jina lake lakini haichapi, karatasi haivutwi kabisa.

bakari_tty1

Mashaallah, umeshafika mbali. Printa hiyo inahitaji kipande cha ziada kutoka kwa watengenezaji, ambacho Debian hairuhusiwi kukisambaza.  Ukiwa bado ndani ya flashi, na intaneti imeunganishwa:

sudo apt update
sudo apt install hplip
hp-setup -i

Itaitafuta printa, itakuomba ruhusa ya kupakua hicho kipande, ukubali. Kwa kuwa uko ndani ya RAM, ukizima vyote vitapotea, na Januari utarudia amri hizo hizo baada ya kusakinisha. Ziandike kwenye karatasi.

Mistari iliyosogea ni habari ya fonti. Angalia daftari limeandikwa kwa fonti gani. Ikiwa ni Calibri, sakinisha fonts-crosextra-carlito, herufi zake zina upana ule ule. Kisha chapa taarifa ya mwanachama mmoja ya mwezi uliopita, uiweke juu ya ile uliyoichapa kwa Debian 12, uzishike pamoja mbele ya dirisha. Zikikaa sawa, mgawo wa Desemba uendelee kwa amani na Januari usakinishe.