Watoto wa Waaborijini waliochukuliwa kwa nguvu Australia: waliibwa au waliokolewa?

Msaka Kumbukumbu
Habari zenu wakuu. Nimekuwa nabishana na jamaa yangu mmoja kuhusu ile ishu ya Australia, watoto wa Waaborijini (wenyeji asilia wa nchi hiyo) kuchukuliwa kwa wazazi wao na kupelekwa kwenye vituo vya serikali na misheni. Yeye anashikilia kwamba wale watoto walikuwa wanaokolewa, kambini hali ilikuwa mbaya, wengine mayatima, na haya maneno ya "vizazi vilivyoibwa" wameyaleta wanasiasa baadaye. Tena ananiambia waathirika walienda mahakamani wakashindwa, kwahiyo kesi imeisha. Mimi najua tu kwamba waziri mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008, na kuomba radhi peke yake naona siyo hoja ya kumnyamazisha mtu. Mnaoijua hii historia naombeni mnisaidie, sheria ilikuwa inasemaje hasa?

Bint Hamisi
Ndugu, anza na sheria maana hapo hamna cha "nadhani". Jimbo la Western Australia walitunga sheria mwaka 1905 inayosema Mlinzi Mkuu wa Waaborijini ndo mlezi wa kisheria wa kila mtoto wa Kiaborijini na kila chotara mpaka afikishe miaka 16. Kila mtoto! Hata kama baba na mama wapo hai, wanafanya kazi, mtoto anakula na kulala vizuri, mlezi wake kisheria ni afisa wa serikali. Mwaka 1936 wakapandisha umri mpaka 21. Hebu mwambie jamaa yako akuonyeshe ni wapi mzazi wa kizungu alinyang'anywa malezi namna hiyo kwa sababu tu ya rangi ya mtoto.

Sasa jimbo la New South Wales ndo pananiumiza zaidi. Sheria yao ya 1909 ilikuwa inaitaka Bodi ya serikali iliyosimamia Waaborijini iende kwa hakimu ithibitishe kwamba mtoto ametelekezwa. Bodi ikaona hilo linawachelewesha, wazazi wanatetea watoto wao, basi mwaka 1915 sheria ikabadilishwa, Bodi yenyewe ikawa inaamua kumchukua mtoto bila kupita mahakamani, na mzazi asiyeridhika ndo akate rufaa. Mama yupo kwenye hifadhi ya Waaborijini, hela hana, wakili hana, aende kupambana na serikali mahakamani. Kama kweli walikuwa wanaokoa watoto waliotelekezwa, walikimbia nini kwa hakimu?

Na wakishachukuliwa, wasichana wanapelekwa kituo cha Cootamundra kufundishwa kazi za ndani halafu wanagawiwa kwa wazungu kama mahausigeli, mishahara yao inashikwa na Bodi na wengi hawakuiona maisha yao yote. Wavulana wanapelekwa kituo cha Kinchela, huko waliitwa kwa namba badala ya majina.

Mzee wa Hoja
Naheshimu uliyoandika dada, ila tusiende upande mmoja. Vifo na magonjwa kambini vilikuwepo, na watoto waliokuwa na shida kweli walikuwepo, hilo nalo ni historia. Kuna mwanahistoria anaitwa Keith Windschuttle ameandika kitabu kizima akipinga hii habari, hoja yake ni kwamba wengi walichukuliwa kwa sababu za kiustawi au kwenda kujifunza kazi. Halafu hata ile ripoti ya tume ya haki za binadamu ya Australia ya 1997 kuhusu watoto hawa haina namba kamili, inasema kati ya mtoto 1 kwa 10 na 1 kwa 3 walichukuliwa miaka ya 1910 mpaka 1970. Hiyo nafasi ni kubwa sana. Mtu akisema ripoti imekusanya sana ushahidi wa wahanga na kidogo ushahidi wa maafisa siwezi kumwita mbaguzi, anauliza swali la haki kabisa.

Na kuhusu mahakama jamaa yake yuko sahihi. Kesi ya Kruger, iliyofunguliwa na waathirika, ilishindwa mahakama ya juu 1997, ya Cubillo na Gunner ikashindwa 2000.

Kalamu Nyeusi
Mzee wa Hoja umezitaja kesi mbili ukaacha ya tatu, na ya tatu ndo yenyewe.

Ila tuanze na hiyo ya Gunner maana watu wanaitaja bila kujua ndani kuna nini. Peter Gunner alichukuliwa Northern Territory akapelekwa hosteli ya St Mary's kule Alice Springs. Serikali ikatoa karatasi, ina alama ya dole gumba la mama yake, imeandikwa kwa kiingereza kwamba mama anaomba mwanae apelekwe. Jaji akaichukua ile kama ushahidi wa ridhaa. Mimi siwezi kuiita ridhaa karatasi ya kiingereza iliyoletwa na ofisa mwenye mamlaka juu ya maisha yako yote, ukaibonyeza kidole. Sheria ikiruhusu dhuluma, mahakama inakwambia ilikuwa halali, lakini uhalali wake haufuti kilichofanyika.

Sasa ya tatu. Bruce Trevorrow, South Australia. Krismasi ya 1957, mtoto ana miezi 13, tumbo linamsumbua, baba hana gari, anaomba majirani wampeleke hospitali Adelaide. Yaani mzazi ametafuta matibabu kama mzazi yeyote! Hospitalini mtoto akaandikwa kuwa ametelekezwa, muda mfupi tu akakabidhiwa familia ya kizungu. Mwaka 1958 mama akaandika barua kuuliza mwanangu anaendeleaje, lini atarudi, akajibiwa anaendelea vizuri lakini daktari bado anamhitaji kwa matibabu. Mtoto wakati huo hayupo hospitali, yuko kwenye nyumba ya watu. Na mwanasheria wa serikali alishawaambia miaka ya nyuma kwamba hawana mamlaka ya kuchukua watoto hivyo, wakaendelea.

Alipokuwa mtu mzima Bruce akaishtaki serikali, Agosti 2007 akashinda, mahakama ikaamuru alipwe dola 525,000 za Australia. Na jaji alimlinganisha na ndugu zake waliobaki na wazazi, wao walikua wakasimama vizuri, yeye aliyepelekwa kwa "maisha bora" ndo aliteseka na sonona na pombe. Alikufa 2008, mwaka mmoja tu baada ya hukumu. Kwahiyo hoja ya kuokolewa ilipimwa mahakamani kwa ushahidi ikaanguka.

Mzee wa Hoja
Hiyo ya Trevorrow sibishani nayo, ni dhuluma ya wazi. Swali langu ni kama mtoto mmoja anathibitisha mpango wa nchi nzima.

Bint Hamisi
Mpango wa nchi nzima ulisemwa na wenyewe, ndugu yangu. Mwaka 1937 maafisa wa majimbo walikutana Canberra, wakapitisha azimio kwamba hatma ya machotara ni kumezwa ndani ya jamii ya wazungu. A. O. Neville, aliyekuwa Mlinzi Mkuu wa Western Australia, aliwauliza wenzake kama wanataka nchi iwe na weusi milioni moja au wawachanganye na weupe mpaka isahaulike kabisa kwamba Waaborijini waliwahi kuwepo. Hapo hajaongelea njaa wala yatima. Ndo maana watoto wenye ngozi nyeupenyeupe walitafutwa zaidi, na mtoto mwenye njaa hachaguliwi kwa ngozi. Ndo maana pia ile ripoti ya 1997 ikasema hii inaingia kwenye mkataba wa mauaji ya kimbari wa 1948, kifungu kinachotaja kuhamisha watoto wa kundi moja kwa nguvu kwenda kundi lingine. Hiyo ya kimbari wanasheria wanaibishania mpaka leo hasa kwenye nia, sawa wabishane, lakini kwamba rangi ilikuwa kigezo hilo limeandikwa kwenye sheria zenyewe.

Msaka Kumbukumbu
Asanteni sana, nimepata pa kuanzia. Jamaa atakuja na moja tu sasa, kwamba hayo ni ya zamani, waliopo leo hawahusiki.

Kalamu Nyeusi
Ndo hoja ya John Howard hiyo, waziri mkuu kabla ya Rudd, mwaka 1999 bunge chini yake likasema linasikitika sana ila kuomba radhi akakataa. Mwambie Kinchela ilifungwa 1970, waliolelewa mle wapo hai. Halafu muulize hivi: watoto wa Waaborijini na wa wenyeji wa visiwa vya Torres Strait kaskazini mwa Australia ni kama asilimia 6 ya watoto wote Australia, lakini kati ya watoto walioondolewa nyumbani na ustawi wa jamii wao ni zaidi ya asilimia 40. Mwaka 2014 kina bibi wa Kiaborijini kule Gunnedah, New South Wales, walianzisha kikundi cha kupinga wajukuu wao kuchukuliwa. Siku hizi kuna mahakama, na kuna kanuni kwamba mtoto akiondolewa atafutiwe kwanza ndugu zake wa kukaa naye. Akisema ni ya zamani, akueleze mbona hao bibi bado wanaandamana.

Mzee wa Hoja
Hapo kwenye asilimia 40 mimi bado nasema lazima tutenganishe mtoto anayepigwa na mtoto ambaye nyumba yao ni maskini tu. Ukichanganya hao wawili utaumiza watoto upande wowote utakaoegemea.

Bint Hamisi
Kwenye hilo tuko pamoja kabisa. Baada ya 1940 New South Wales walirudisha mambo mahakamani, na hapo ndo umaskini ukaanza kuandikwa kama kutelekeza: nyumba ndogo, watu wengi, chakula kidogo kabatini, mtoto anaondoka. Hao unaotaka watenganishwe hawakutenganishwa hata siku moja.