Bastola za mfukoni: ipi inapiga teke kidogo mkononi?

Mwanaidi ameandika:

Habari za jioni ndugu zangu. Swali kwa walio Marekani wanaozijua silaha. Mtu mwenye mikono isiyo na nguvu nyingi anatafuta bastola ya mfukoni. Madukani wanampa Ruger LCP ya .380 (hiyo ni kaliba, yaani ukubwa wa risasi) kwa kuwa ni nyepesi. Wepesi huo unamgharimu nini akifyatua? Na kushuka hadi .32 au .22 kunasaidia kweli, au ni maneno ya kuuzia?

---

Barasa amejibu:

Dada Mwanaidi, wepesi huo ndio hasa unaoumiza. Bastola nzito inameza sehemu ya teke. Nyepesi inakuachia wewe lote. LCP tupu ina gramu 270 hivi, na ikijaa risasi haifiki 350. Risasi ya .380, bila ganda lake, ina gramu 6.2 na kwenye mtutu mfupi hutoka kwa takriban mita 270 kwa sekunde. Ukipiga hesabu ya risasi peke yake, bila gesi ya baruti, bastola inarudi na nishati ya juli (kipimo cha nishati) 4 na ushee. Glock 42 inatumia risasi hiyo hiyo lakini ina gramu 390 tupu, na teke lake linashuka hadi juli 3 na kitu. Kel-Tec P-32, ya .32, ina gramu 187 tu, nayo inaangukia chini kidogo ya 3. Kwa hiyo ukiteremka kaliba na uzito kwa pamoja, unachopata ni kidogo kuliko unavyotarajia. Beretta 21A ya .22 ndiyo iliyo mbali na wenzake: haifiki juli 1.

Lakini hesabu haisemi kila kitu, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Walther PPK ya .380 ina zaidi ya gramu 500, na bado mkononi inapiga kwa ukali kuliko Glock 42. Sababu ni namna inavyofanya kazi. Mtutu wa PPK umekaa imara, na kinachozuia ganda lisitoke mapema ni uzito wa slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila ukifyatua) na springi ngumu tu. Slaidi hiyo nzito inarudi kwa kasi na kugonga fremu ghafla. Kwenye Glock 42, LCP na P-32 mtutu na slaidi hurudi pamoja kwa milimita chache kabla ya kuachana, kwa hiyo springi inaweza kuwa laini na msukumo unasambaa. Springi laini inarahisisha pia kukoki, yaani kuvuta slaidi nyuma kwa mkono ili risasi iingie. Kwa mikono dhaifu, kukoki ni tatizo kubwa kuliko teke lenyewe.

Kama kukoki kunamshinda kabisa, aangalie Beretta 21A au 3032 Tomcat ya .32. Ukisukuma kitasa cha pembeni, mtutu unainuka kwa nyuma, unatia risasi moja kwenye chemba kwa kidole, unaufunga. Slaidi huigusi. Kasoro ni kwamba hazina kitu cha kuvuta ganda nje. Gesi ndiyo inayolitoa. Risasi isipolipuka, unafungua mtutu na kuitoa kwa kucha.

---

Mzee Salum ameandika:

Barasa ameeleza vizuri. Naongeza la mshiko, maana teke unalolihisi linategemea bastola imekaa wapi kiganjani. Nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ipande juu kabisa, ikigusa chini ya slaidi bila kuingia kwenye njia yake; kwenye PPK za zamani slaidi huwakata wenye mikono minene. Kidole kidogo kikining'inia chini ya mpini, bastola inazunguka na mdomo unapaa. Magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini) yenye kitako kirefu kinachobeba kidole hicho hubadilisha mambo kuliko watu wanavyodhani. Soksi ya mpira kwenye mpini nayo hutandaza pigo. Na vidole vya mkono wa pili visitokeze mbele ya mtutu, kwani ni mfupi mno.

Mkono ukilegea, bastola inarudi pamoja na slaidi, slaidi haikamilishi safari, na ganda linabanwa limesimama wima. Gonga kitako cha magazini, koki kwa nguvu, endelea.

Wenye bastola za .32 wajue hili: ganda lake lina ukingo unaochomoza kidogo. Risasi zenye ncha ya shimo ni fupi, huteleza mbele na nyuma ndani ya magazini, na ukingo wa ya juu ukikaa nyuma ya ule wa chini, zote zinakwama. Kugonga hakusaidii, lazima utoe magazini na kuzitenganisha. Tia zenye ncha ya duara, urefu kamili wa milimita 25, na kila moja ikae mbele ya iliyo chini yake.

---

Mwanaidi:

Shikamoo mzee, na asante. Anaweza kukodi kwanza kwenye kiwanja cha shabaha?

---

Mzee Salum:

Marahaba mwanangu. Aanze hapo, lakini kwanza aangalie hadhi yake ya uhamiaji. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza kushika silaha au risasi, hata ya kukodi. Msamaha mmojawapo ni leseni halali ya uwindaji. Mwenye green card (kibali cha ukaaji wa kudumu) anaruhusiwa, akiwa hana zuio jingine. Kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni ni kuanzia miaka 21, na majimbo mengine yanaongeza vibali vyao.

Akifika kiwanjani, mwenzake amchanganyie risasi bandia mbili tatu katika magazini bila yeye kujua ziko wapi. Akifikia moja na mdomo wa bastola ukazama, basi mkono wake umeanza kuliogopa teke. Hapo aache kwa siku hiyo, au ashuke hadi .22.