Mlo wa paleo: penye nyama ya baisani, huku Mtwara tuweke nyati, ng'ombe au mbuzi?

MamaWawili (Shangani, Mtwara)
Habari za jioni wadau. Wifi yangu anaishi Colorado, Marekani. Kaanza mlo wa paleo, kapungua kweli, na sasa ananitumia mapishi kila siku kama mtu anayenidai. Kwa wasioujua, ni mlo wa kujifanya bado hatujagundua jembe: unakula nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, mbegu na korosho; unaacha ugali, wali, mkate, jamii yote ya maharage, maziwa na sukari. Nimekubali kujaribu mwezi mmoja.

Shida ni kwamba kila pishi lake lina nyama ya baisani, mnyama wa Marekani anayefanana na nyati. Ng'ombe kaacha kabisa. Mume wangu kuona picha akasema "si nyati huyo?", na sasa anataka kumpigia rafiki yake wa Liwale amtafutie. Mimi bucha ya ng'ombe iko mtaa wa pili, na mbuzi Jumamosi hakosekani. Nilinganishieni: nyati, ng'ombe au mbuzi? Naangalia mafuta, ulaini na mfuko.

Mpiga_Mbizi (Liwale)
Shemeji, mwambie huyo bwana aiweke simu chini. Sisi tunapakana na pori lile kubwa la Selous, sehemu yake ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019, na nyati wapo, sikatai. Lakini ukikutwa na kilo mbili za nyamapori kwenye ndoo bila kibali, kesi yako inasomwa "kukutwa na nyara za serikali", kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Hakimu hakuulizi kama ulikuwa kwenye mlo.

Njia halali ipo. Kanuni za bucha za nyamapori zilitoka 2020, leseni inatolewa na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Ukisafiri ukaikuta bucha yenye leseni, nunua, dai risiti, itunze mpaka nyama iishe. "Rafiki wa Liwale" siyo bucha.

Fundi_Jiko (Mikindani)
Hata hiyo halali, kwa pishi la wifi haifai. Baisani siyo nyati wetu. Wamarekani wenyewe wamezoea kumwita kwa jina la nyati, ndipo mkanganyiko unapoanzia, ila ni wanyama wawili tofauti. Baisani wao anafugwa kwenye ranchi, anachinjwa angali kijana, nyama yake laini. Nyati wa porini anayepatikana kwa uwindaji mara nyingi ni dume zee. Niliwahi kumpika nikiwa kambi moja ya watalii, steki kwa kufuata kitabu, dakika nne kila upande. Mgeni alitafuna mpaka akacheka. Siku ya pili nikamchemsha saa tatu na tangawizi, ndipo akalika.

Kwa hiyo kama unataka kitu cha kukaanga haraka, nyati mtoe kwenye orodha.

Afya_Kwanza (Lindi mjini)
Nianze na swali: kwa nini wifi aliacha ng'ombe? Nadhani jibu lake litakuwa lile lile la wote wanaofuata paleo kule. Ng'ombe wengi wa Marekani miezi yao ya mwisho wanafungiwa kwenye mazizi makubwa wakilishwa mahindi na nafaka nyingine, ili mafuta yaingie katikati ya mnofu. Nyama yenye mistari mingi ya mafuta ndiyo inayopewa daraja la juu. Tena sheria inaruhusu homoni za kukuzia kwa ng'ombe, ila kwa baisani hairuhusu. Kwa hiyo mtu anayetaka nyama kavu ya mnyama wa majani anakimbilia baisani. (Na hata hapo aangalie vizuri, kuna baisani wengi nao wanamaliziwa kwa nafaka kabla ya kuchinjwa.)

Sasa tazama ng'ombe wa bucha yako. Ana nundu, katembezwa na wafugaji kutoka huko walikotoka, kala majani ya pori maisha yake yote, mahindi hayajui labda ayaibe shambani. Kile ambacho wifi anakilipia dola nyingi wewe unakipita kila asubuhi kimeningʼinia kwenye ndoano. Mimi sioni unachotafuta kwa nyati.

Mbuzi ndiyo kabisa. Mnofu mtupu wa baisani, mbichi, gramu 100 una kalori kama 109 na mafuta yasiyofika gramu 2. Mbuzi naye ni kalori 109 hizo hizo, mafuta gramu 2 na kidogo. Ukitaka kubadilisha pishi bila kubadilisha hesabu za wifi yako, weka mbuzi.

Korosho_Ghafi (Newala)
Mimi nauliza, hao watu wa kale mlo wao ulikuwa na steki kila siku? Bibi yangu alikuwa akiingia porini kiangazi kuchimba ming'oko, anachemsha, tunakula na chumvi ya pilipili. Hakuna aliyeilima hiyo, haina mbegu ya duka. Kama kuna paleo ya Kusini ni hiyo, na inauzwa stendi kwenye beseni, mnaipita mkitafuta nyama ya Colorado.

MamaWawili
@Korosho_Ghafi umenichekesha, ila umenipa jambo. Ming'oko inaruhusiwa? Na muhogo je?

Afya_Kwanza
Viazi vitamu, muhogo, ming'oko, wengi wao wanakubali kwa kuwa ni mizizi, siyo nafaka. Ila kama lengo ni kupungua, usijaze sahani kwa muhogo ukasema umeacha ugali. Karanga hapana, ile ni jamii ya maharage. Choroko na mbaazi pia hapana. Ufuta sawa, nazi sawa.

Fundi_Jiko
Nirudi jikoni, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Maelekezo ya kupika baisani yana jambo moja kubwa: nyama haina mafuta, kwa hiyo moto mdogo na usiipitilize, ikikauka imekauka. Hilo lichukue. Lakini yale ya "ndani ibaki na wekundu" usiyachukue. Ng'ombe wetu katembea, misuli imekaza. Ukimtoa mapema utapata raba yenye damu. Na nyama ya kusaga popote duniani ipikwe mpaka katikati, nyuzi 71 kama una kipimajoto, kama huna basi wekundu wote uishe. Nunua yenye muhuri wa afisa mifugo. Kimeta hakijui paleo.

Ng'ombe: omba sarara, siyo mchanganyiko. Pakaa maji ya papai bichi, nusu saa inatosha kwa vipande vidogo. Ukisahau ukarudi baada ya saa tatu utakuta uji. Kisha banika kwa mkaa uliokwisha kufifia.

Mbuzi: chemsha na kitunguu saumu na tangawizi kwa tui la pili, taratibu, mpaka mfupa uanze kuachia. Tui zito litie mwishoni kabisa, koroga, epua. Hapo hakuna ngano, hakuna maziwa, hakuna mafuta ya chupa, na hakuna mtu atakayejua uko kwenye mlo. Kwa kifupi unahitaji mbuzi wawili, mmoja sufuriani na mmoja wa kukunia.

Mpiga_Mbizi
😂😂 Mbuzi wa pili hali majani lakini.

Shomari_wa_Feri
Mko pwani mnabishana nyama. Changu, pweza, dagaa mchele. Nimemaliza.

MamaWawili
Wiki mbili baadaye, narudisha mrejesho.

Nyati tumeachana naye. Mume kasoma jibu la Liwale kimya kimya, simu hakupiga.

Ng'ombe wa kusaga nilimtia kwenye lile pishi la wifi la nyanya, pilipili hoho na bizari nyembamba bila maharage. Sikufurahi. Nilichagua mnofu mtupu kwa kiherehere cha kuiga baisani, ikawa punje punje kama mchanga. Mwenye bucha ndiye aliyenifundisha: ukisagiwa mnofu wa huyu ng'ombe wetu, mwambie aongeze na nundu kidogo, maana mafuta yake yamekaa huko, kwenye mnofu hayamo. Sarara ya papai ilitoka vizuri, ila bei ya sarara mara tatu kwa wiki siiwezi.

Mbuzi wa tui ndiye aliyeshinda. Nimempika mara nne, na matembele pembeni na ming'oko. Watoto wanakula. Baba yao anakula pia, na ugali wake uko pembeni, hajifichi.

Uzito sasa. Nimepungua kilo moja tu na nusu. Wifi kaniuliza nakula nini katikati ya milo, nikamwambia korosho, si zinaruhusiwa? Kaniuliza kiasi gani.

Afya_Kwanza
Dada, usiseme ni bakuli.

MamaWawili
Ni bakuli.

Afya_Kwanza
Korosho gramu 100 ni kalori zaidi ya 550. Hiyo ni mara tano ya mbuzi wako.

Korosho_Ghafi (Newala)
Msimu unaanza Oktoba, msituharibie soko.

MamaWawili
Kesho naenda kununua nundu. Korosho nimempa jirani azitunze, na jirani tayari kazifungua.