Naomba ushauri: ndege wangu aina ya chozi anatoka mweusi tu kwenye rangi za maji

Ndugu zangu wachoraji, salamu kutoka Bukavu.

Niko Muhumba, na nyuma ya nyumba kuna maua mekundu ambayo chozi huja kunyonya kila asubuhi. Dume mwenye mkia mrefu ndiye ananinyima usingizi. Akiwa kivulini ni mweusi kabisa. Akigeuka kwenye jua, kichwa kinawaka kijani na mgongo unakuwa kama shaba iliyosuguliwa. Najua mng'ao huo unatokana na umbo la manyoya yenyewe, namna yanavyorudisha mwanga, kwa hiyo hakuna rangi ya kopo itakayoufikia. Lakini lazima kuna njia ya kuukaribia!

Nimejaribu kuweka kijani kwanza, ikakauka, nikapitisha kahawia juu yake. Ikawa tope. Mara ya pili niliacha sehemu nyeupe za karatasi begani, na hapo kidogo ndege akapumua. Je, nianze na njano nyepesi halafu nidondoshee kijani ikiwa bado mbichi? Au nisubiri kila tabaka likauke?

Tatizo la pili ni karatasi. Natumia ya gramu 180 kwa mita ya mraba, inajikunja, na msimu huu wa mvua rangi inachelewa sana kukauka. Ya gramu 300 ni ghali kwangu. Kuna aliyewahi kuilowesha ile nyembamba na kuibandika kwenye ubao kwa utepe wa gundi? Ilinyooka kweli?

Kwa ninyi mnaochora ndege wasiotulia, naomba pia mnieleze mnaanza na mstari gani.