Wauza raba za mtumba Mtwara, tuacheni tupime viatu kabla hamjachukua hela zetu!

Wakuu, nimejizuia siku nne nikisubiri hasira ishuke. Haijashuka. Kucha mbili za mguu wangu wa kulia zimekuwa nyeusi tii, kisigino cha kushoto kimechubuka mpaka nyama, na raba nilizonunua kwa shilingi 40,000 ziko nje mlangoni, moja imeachama soli.

Nakimbia asubuhi mara nne kwa wiki, Ligula mpaka Shangani na kurudi, na Jumapili naenda na wenzangu mpaka Mikindani, kilomita kama 10 hivi, tukifika tunarudi kwa bajaji. Nilianza baada ya kuambiwa presha iko juu, na sasa imeshuka. Kwa hiyo raba kwangu si pambo, ni sehemu ya matibabu yangu. Hiyo 40,000 niliikusanya miezi miwili.

Sasa sikieni nilivyotendewa. Nimefika sokoni, kijana ananiuliza navaa namba ngapi. Arobaini. Akachomoa raba moja ya kijivu, nzuri, nyeupe chini kama imetoka dukani jana. "Dada, arobaini hii hapa, gredi ya kwanza, belo limefunguliwa leo." Nikamwambia nipe zote mbili nivae nitembee. Akakataa! Nivae mmoja tu, nisimame juu ya boksi, nisikanyage chini kwa sababu nitachafua soli na mteja mwingine hatanunua. Nikaingiza mguu, kidole gumba kikagusa mbele. Nikamwambia inanibana. "Itaachia dada, ikishauzoea mguu inaachia."

Huo ndio uongo ninaotaka tuukatae wote, leo. Kiatu hakiongezeki urefu. Kitambaa cha juu kinaweza kulegea kidogo kwa upana, lakini ukikuta kidole kimegota mbele, kitagota mpaka siku unakitupa. Na unapokimbia mguu unateleza kwenda mbele kila hatua, hasa kwenye mteremko, halafu unavimba kwa joto. Ndiyo maana panatakiwa nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono kati ya kidole chako kirefu cha mguu na ncha ya kiatu. Kirefu, sikusema gumba! Wengine cha pili ndicho kirefu. Kucha zangu ziliuawa na hiyo sentimita moja niliyonyimwa.

Na hiyo "arobaini" yenyewe ni nini? Nilipofika nyumbani nikasoma kibandiko kwenye ulimi wa kiatu. Namba ya Ulaya, namba ya Uingereza na namba ya Marekani kila moja inasema lake, na ya Marekani inatofautiana tena kati ya kiatu cha kike na cha kiume. Arobaini ya kampuni moja imeandikwa sentimita 25, ya kampuni nyingine 25.5. Hicho kipimo cha sentimita ndicho kinachosema kiatu kimekusudiwa mguu wa urefu gani, na kwenye vibandiko vingine kimeandikwa kwa milimita, 250 au 255. Mguu wangu nimeupima mwenyewe: simama ukutani, kisigino kiguse, weka alama kwenye kidole kirefu, pima miguu yote miwili. Wa kulia kwangu umezidi wa kushoto. Kwa hiyo yule kijana aliyenipa mmoja tu, tena wa kushoto, alinipimia mguu ambao si wa kununulia.

Upana ndio hawataki hata kuusikia. Mimi nimekulia Newala, nimetembea peku kwenye mchanga mpaka nafika darasa la saba, na watu tuliokua hivyo vidole vyetu vimetanuka. Hizi raba za kike za mtumba zimekatwa nyembamba. Mara nyingi inayonikaa vizuri ni ya kiume, lakini nikiigusa tu naambiwa "hiyo ya kiume dada, weka chini". Mguu wangu unajua jinsia ya kiatu? Acha nivae kinachonienea!

Njia ya kujua ni rahisi na haichafui kitu. Toa ile soli laini ya ndani, iweke chini, isimamie. Vidole vikimwagika pembeni, achana nayo. Na ukiitoa unaona mengine: alama ya mguu wa aliyekivaa kwanza imezama kiasi gani. Nilipoitoa yangu, nimeshachelewa, nikakuta shimo la kisigino unaingiza kidole.

Hapo ndipo nilipogundua kuwa ule weupe wa chini ni rangi. Rangi ya kupaka! Wiki ya kwanza ilianza kubanduka vipande vipande. Wiki ya tatu, tukiwa bado hatujaiona bahari ya Mikindani, soli ya mguu wa kulia ikafunguka mbele, nikatembea kilomita tatu nikiiburuza. Nikampelekea fundi viatu. Alifungua kidogo tu akanionyesha: gundi ya zamani imegeuka unga, juu yake imepakwa gundi mpya ya kugandishia siku mbili tatu. Akabonyeza ubavuni kwa kidole gumba, pagumu kama ubao. Sponji ya ndani ya soli, ile inayopokea kishindo, imekufa.

Raba ya kukimbilia ni hiyo sponji. Kanuni inayotajwa sana ni kuibadilisha kati ya kilomita 500 na 800, na zipo soli nyingine zinazooza hata kiatu kikiwa kimekaa tu stoo, joto na unyevu ndivyo vinavyozimaliza. Sisi tuko pwani, unyevu wetu mnaujua. Kiatu kimekimbiwa huko kwao mpaka kimechoka, kimesafiri, kimelala, halafu kinapakwa rangi nauziwa mimi kama gredi ya kwanza. Angeniambia ukweli kwamba ni cha kutembelea tu, akaniuzia 12,000, ningemshukuru. Kuuza mtumba si kosa. Kuficha ndiyo kosa.

Nikazirudisha. Nikajibiwa kwa sauti, mbele ya watu: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Sawa, lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu hali ya mali anayouziwa, na mtu aliyepaka rangi soli iliyokufa amedanganya. Hayo maneno yake hayamsafishi.

Najua kuna watakaokuja hapa kuniambia ninunue mpya za laki tatu. Hiyo laki tatu nitaitoa wapi, nisilipe ada ya mtoto? Na bei kubwa haikupi kipimo. Mwenzangu mmoja wa kikundi ana raba ghali alizotumiwa na kaka yake, namba moja pungufu, zimekaa kabatini. Zile mpya za 35,000 zenye nembo za kuigiza nazo msinishauri: zimevalishwa sura ya raba ya mbio, ukizikunja zinavunjika katikati ya unyayo, wakati kiatu cha kukimbilia kinatakiwa kijikunje pale vidole vinapoanzia.

Mtumba mzuri upo, nimeshawahi kuvaa pea ya 25,000 mwaka mzima bila lengelenge hata moja. Niliipata kwa mama mmoja aliyeniruhusu kuvaa zote mbili, jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa shughuli za kutwa, na soksi zangu za kukimbilia, nikazunguka meza yake mara kadhaa. Alikuwa na mkeka chini. Mkeka tu! Kisigino hakikuchomoka, vidole vilicheza, nikalipa bila kuomba apunguze hata mia. Sasa ameacha biashara.

Wauzaji mnaosoma hapa, tandikeni mkeka. Na kabla msimu wa korosho haujaanza, maana Oktoba minada ikifunguliwa nyie mnapandisha bei mpaka hatusogei mezani.

Wenzangu wa Mtwara, na hasa wa Lindi: kuna mahali mliruhusiwa kuvaa zote mbili na kukimbia hata hatua ishirini kabla ya kulipa? Nitajieni mtaa. Nimeanza kukusanya tena, nina 18,000, na hata ikibidi kupanda basi kuja Lindi nakuja.